Treni Haikufika Pemba

Mwezi wa Februari, siku za Sauti za Busara, Ngome Kongwe ya Unguja hujaa watu mpaka mahali pa kuweka mguu hapaonekani. Mwaka niliokwenda kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeshuka botini mchana wake nikitokea Mkoani, na kichwa kilikuwa bado kinanizunguka kwa mawimbi ya mkondo wa Pemba. Usiku nilipochoka na kishindo cha spika nilitoka nje, nikakaa kwenye ukingo wa baraza karibu na mzee mmoja muuza kahawa. Akanimiminia kikombe, akanipa na kashata, kisha akaniuliza mimi mwenyeji wa wapi. Nikamwambia Chake.

"Humo ulimotoka, unajua palikuwa na nini?"

"Ngome ya Waarabu," nikamjibu. "Na kabla yake kanisa la Wareno."

"Hayo mnasomeshwa," alisema. "Humo ndimo ilimokuwa ikilala treni."

Nilicheka. Waunguja hupenda kututania sisi Wapemba, na nilidhani zamu yangu imefika. Yeye hakucheka. Alisema marehemu baba yake aliipanda alipokuwa mtoto, ikienda Bububu, na kwamba nauli yake mara moja aliilipa kwa embe. Akanimiminia kikombe cha pili, halafu akaongeza, kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Kwenu haikufika."

Habari ya embe siwezi kuithibitisha. Habari ya treni ni kweli tupu.

Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17, walipokwisha kuwatoa Wareno. Katika karne ya 19 ilikuwa kambi ya askari na gereza. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuzwa bohari na kituo cha reli. Miaka ya 1940 ua wake ukafanywa uwanja wa tenisi wa klabu ya wanawake. Katika miaka ya 1990 likajengwa humo jukwaa la wazi, na hilo ndilo tunalokaa leo kutazama filamu na kusikiliza muziki. Katika mlolongo wote huo, sura ya reli ndiyo isiyoacha alama ya kuonekana. Minara ipo, kuta zipo, ngazi za jukwaa zipo. Ukitembea uani huoni kipande cha chuma kinachokwambia kwamba hapa palikuwa na mabehewa, mafuta na masizi, na watu waliokuwa wakiamka alfajiri kuwasha moto wa kichwa cha treni.

Treni ya Bububu haikuwa ya kwanza kisiwani Unguja. Mwaka 1879 Sayyid Barghash bin Said alitandika reli ya maili 7, karibu kilomita 11, kutoka kwenye jumba lake la mjini mpaka jumba lake la Chukwani, upande wa kusini. Mwanzo haikuwa na moshi wala mvuke. Mabehewa mawili yalivutwa na nyumbu. Kwa hiyo, kwa miaka miwili hivi, Zanzibar ilikuwa na tramu hasa, ndugu wa zile zilizokuwa zikivutwa na farasi katika miji ya Ulaya na Marekani wakati huohuo. Mwaka 1881 Sultani akaagiza kichwa cha mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza, nyumbu wakapumzishwa. Lakini reli ile ilikuwa ya mtu mmoja na nyumba yake. Barghash alipofariki mwaka 1888, nayo ikafa.

Ya pili ilikuja kwa njia nyengine. Mwaka 1904 kampuni ya Arnold, Cheney ya New York, ambayo biashara yake kubwa ilikuwa ni pembe za ndovu, ilianza kujenga reli nyembamba kutoka Ngome Kongwe kuelekea kaskazini hadi kijiji cha Bububu. Ikamalizika mwaka 1905. Nayo pia ilikuwa ya maili 7. Tofauti ni kwamba hii ilikuwa ya nauli. Aliyekuwa na nauli alipanda, awe anapeleka muhogo mjini au anarudi shamba na kitambaa kipya. Waliokuwa wakiitumia zaidi ni wenyeji, lakini palikuwa pia na behewa la daraja la kwanza kwa ajili ya abiria wa meli kubwa zilizotia nanga bandarini, ili wakaone mashamba kabla ya meli zao kung'oa.

Wapo wanaokwambia kwamba hata jina la Bububu limetokana na treni hiyo: kichwa kilikuwa kikipanda mwinuko kikisema bu-bu-bu, na kijiji kikachukua jina. Nimeyasikia hayo kwa madereva, kwa watembeza watalii na kwa mwalimu mmoja wa skuli. Ni simulizi tamu, lakini tarehe inaikataa. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa jumba la Mtoni, kwenye njia hiyohiyo ya kaskazini, aliondoka Zanzibar mwaka 1866. Kumbukumbu zake zilichapwa kwa Kijerumani mwaka 1886, na ndani yake anaitaja Bububu, mahali alipowahi kuishi. Treni ilifika kiasi cha miaka 40 baada ya yeye kuondoka. Kijiji ndicho kilichoipa treni jina. Treni haikukipa kijiji chochote.

Hata hivyo sipendi kuwasahihisha watu katika jambo hili kwa haraka. Treni ilichukua abiria kwa miaka 17 tu. Mwaka 1922 huduma ya abiria ilisimamishwa. Kwa miaka michache zaidi ikatumika kuvuta mawe ya ujenzi wa bandari, kisha ikakoma kabisa, na magari ya mafuta yakaichukua njia. Miaka 17 ni muda mfupi wa kumtoa mtoto skuli ya msingi mpaka chuo kikuu. Na bado, karne moja baadaye, watu wamekataa kuiacha iende bure. Kwa kuwa hapakubaki jengo lake wala behewa la kuonyesha, wameitafutia mahali katika jina la kijiji. Huo ni urithi uliokosa nyumba, ukakaa mdomoni.

Kwengine urithi wa aina hii ulipata nyumba. Lisbon, karakana ya tramu ya Santo Amaro ina makumbusho ambamo tramu kongwe zimewekwa kwenye reli zilezile. Amsterdam, karakana ya zamani ya tramu imefanywa maktaba, sinema na mahali pa kula, na reli zimeachwa sakafuni ili mtu azikanyage anapokwenda kuazima kitabu. Tofauti yetu si mapenzi tu. Zile zilikuwa karakana tangu zilipojengwa, hazikuwa na hadithi nyengine ya kushindana nayo. Ya kwetu ilipanga ndani ya ngome ya kale, na mpangaji hasemwi nyumba inapotajwa. Mji Mkongwe ulipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, kilichotajwa ni milango, mawe, misikiti, biashara ya Bahari ya Hindi na biashara ya watumwa. Mtu aliyekuwa akitia makaa au kuni kwenye tanuru la treni hana mlango wa nakshi wa kumkumbusha.

Tena kuwa na jengo si dhamana. Jirani kabisa na Ngome Kongwe kuna Beit al-Ajaib, lililojengwa na Barghash yuleyule mwaka 1883. Tarehe 25 Disemba 2020, likiwa katika matengenezo, sehemu yake kubwa iliporomoka na wafanyakazi wawili wakapoteza maisha. Niliitazama picha ya vumbi lile kwenye simu nikiwa Chake, na jambo lililonijia kwanza halikuwa mnara wa saa. Nilijiuliza ni mambo mangapi yaliyokuwa yakijulikana na mafundi wa jengo lile ambayo hayakuandikwa popote.

Sasa nirudi kwenye maneno ya mzee wa kahawa. Kwenu haikufika.

Hakunieleza kwa nini, na mimi sikumwuliza. Lakini ukiitazama biashara ya wakati ule, swali linakuja lenyewe. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo kisiwa chetu, ambacho Waarabu walikiita al-Khadra, cha kijani, ndicho kilichokuwa kikitoa karafuu nyingi zaidi, na kwa miaka mingi ilikuwa zaidi ya robo tatu ya karafuu zote za Zanzibar. Ushuru wa karafuu ndio uliokuwa nguzo ya hazina ya Serikali. Kama reli ingejengwa kwa kufuata mzigo ulipo, ingejengwa Pemba.

Reli haijengwi kwa kufuata mzigo peke yake. Hujengwa pale mwenye fedha anapoona nauli, na pale mtawala anapotaka kuonekana. Unguja kulikuwa na mji, jumba la Sultani, mabalozi na meli za wageni. Pemba kulikuwa na vilima, mabonde, matope na hori za bahari zinazoingia ndani ya kisiwa kama vidole. Hori ya Chake Chake maji yakitoka hubaki tope na mikoko, na mashua hungoja maji yajae. Mhandisi yeyote angeuona ugumu huo. Lakini karafuu zilitoka kila mwaka. Kwa hiyo palikuwepo na chombo cha kuzitoa.

Chombo hicho kilikuwa kichwa cha mtu. Na kabla ya 1897 mara nyingi kilikuwa kichwa cha mtumwa. Mwezi wa Aprili mwaka huo, Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Haikumaliza mambo kwa siku moja, lakini kuanzia hapo mwenye shamba alilazimika, kidogo kidogo, kutafuta wachumaji na wachukuzi kwa ujira, wengine wakitoka Unguja na bara. Mzigo haukubadilika. Frasila moja ni ratili 35, karibu kilo 16. Tani moja ya karafuu kavu ni frasila 63. Kama kila mtu akijitwika frasila moja, tani moja ni msafara wa watu 63 wakifuatana kwenye ujia wa utelezi, mpaka dikoni ambako mashua inangoja maji. Punda walisaidia, na baadaye magari. Lakini mwenye kuanza safari chini ya mkarafuu alikuwa mtu na shingo yake.

Bibi yangu aliianza kazi hiyo akiwa na miaka kumi na kitu, zama za Sultani zikielekea mwisho. Mwaka jana nilimkalisha barazani nikamwambia anihadithie usafiri wa zamani. Alidhani namwuliza habari za gari ya shamba, akaanza kunitajia basi la mbao lililokuwa likifika kijijini mara moja kwa siku. Nikamwambia, la, kabla ya hapo. Karafuu zilitokaje?

"Zilitokaje! Zilitoka na sisi."

Akanieleza jinsi ya kukunja ngata. Si kitambaa chochote kinafaa, alisema. Kanga mpya huteleza. Jani la mgomba kavu ni zuri lakini hukatika mvua ikinyesha. Akainuka, akachukua kanga kuukuu, akaikunja mbele yangu, akaiweka kichwani pasi na mzigo. Shingo yake ilinyooka hapohapo, kama ya msichana. Kisha akanitajia njia: kutoka shambani mpaka kwenye mkarafuu uliopigwa radi, kutoka hapo mpaka mto mdogo ambao mwenye mzigo mbichi huvuka kwanza, kwa kuwa mzigo mbichi ni mzito na aliyeubeba hawezi kusimama. Huo ulikuwa utaratibu wao wa njia. Reli zina ishara za kumwambia dereva nani apite na nani angoje. Wao walikuwa nazo pia, ila hazikupakwa rangi nyekundu na kijani.

Nilimsimulia treni ya Bububu. Alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza: "Na mizigo waliipandisha nani?"

Swali hilo lilinipeleka Mombasa. Kule, mwaka 1890, Kampuni ya Imperial British East Africa ilianza reli nyembamba iliyokusudiwa kuingia bara. Ilitandika maili chache tu, ikakwama. Vyuma vyake vikapata kazi mjini: vigari vidogo vyenye viti na paa la turubai, vikipita juu ya reli kutoka mjini hadi Kilindini, na reli nyengine zikichepuka mpaka mlangoni mwa nyumba za maofisa. Vilidumu mpaka miaka ya 1920. Vigari hivyo, watu waliviita troli, havikuvutwa na nyumbu wala mvuke. Vilisukumwa na watu waliokimbia nyuma yake. Picha zake zipo, na ndani yake bwana aliyekaa ana kofia na fimbo, mara nyengine ana jina chini ya picha. Wasukumaji hawana majina.

Ukiziweka pamoja reli ya Chukwani, troli za Mombasa na treni ya Bububu, utaona kwamba tofauti kati ya waliokuwa na reli na sisi tusiokuwa nayo si kubwa kama nilivyodhani usiku ule. Chuma kilikuwepo huku na hakikuwepo kule. Mgongo ulikuwepo pande zote. Hata treni ya mvuke ilipakiwa na kupakuliwa kwa mikono. Urithi wa usafiri wa pwani hii, ukiutafuta kwenye vyuma tu, utaupata mahali pachache mno na utawakosa watu walioufanya.

Ndiyo maana naiogopa hali ya Pemba zaidi ya hali ya Ngome Kongwe. Sisi tunayo ngome yetu Chake Chake. Mwanzoni mwa karne ya 20 sehemu yake kubwa ilibomolewa kupisha hospitali, na kipande kilichobaki leo ni makumbusho. Sina ugomvi na hospitali. Wagonjwa walikuwa na haki zaidi ya kuta. Lakini kipande kile kimetufundisha kwamba hata jiwe huondoka. Sasa fikiria mambo yasiyo ya mawe: ujia wa wachukuzi ulioota magugu tangu barabara ya lami ipite kwengine, diko ambalo mikoko imelifunga, bohari la karafuu lililoezuliwa mabati. Hakuna mlinzi wa hayo. Mtu wa mwisho anayejua kwa nini mzigo mbichi huvuka kwanza akiondoka, habari hiyo haitapata hata jina la kijiji la kujificha, kama treni ilivyojificha Bububu.

Na kwetu usafiri si jambo la makumbusho peke yake. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imejaa kupita kiasi, na mamia ya watu wakafa. Hakuna familia Pemba isiyomjua mtu aliyekuwemo. Ukiuliza kwa nini watu walipanda meli iliyojaa vile, jibu la haraka ni kwamba ilikuwa Sikukuu imekwisha na watu wanarudi nyumbani. Jibu refu linaanzia mbali zaidi, tangu zama ambazo mzigo wa Pemba ulihesabiwa kwa makini bandarini na mwenye kuubeba hakuhesabiwa. Kuijua historia hiyo hakumrudishi mtu. Lakini kisiwa kinachojua kilivyosafirishwa kinaweza kudai vizuri zaidi namna kinavyotaka kusafirishwa.

Sidai mnara. Naomba mambo matatu ambayo hayana gharama kubwa. Kwanza, Ngome Kongwe iwekwe alama, hata mchoro mmoja ukutani, inayosema hapa palikuwa na kituo na bohari la reli ya Bububu, 1905, na kwamba walifanya kazi humo watu wa hapa. Anayekuja kusikiliza muziki akae akijua kwamba kelele si ngeni uani mule. Pili, makumbusho ya Chake Chake yapate ukuta wa njia za karafuu: ramani ya madiko, ngata, pishi, jamvi la kuanikia, gunia. Tatu, skuli za Pemba zipeleke wanafunzi kwa bibi na babu zao kabla ya mitihani na si baada yake, wakiwa na simu za kurekodia ambazo tayari wanazo.

Jambo la tatu nimelianza mwenyewe. Bibi amenitajia madiko kumi na moja mpaka sasa. Matatu siyaoni kwenye ramani yoyote niliyonayo. Mwezi ujao, mvua zikipungua, tutakwenda kwa bodaboda mpaka inapoishia njia, na hapo tutashuka. Amesema kuanzia hapo atatangulia yeye, na mimi nibebe maji.